Kidonge cha VVU na siri ya ini

Ukifika kliniki ya CTC pale Tumbi, Kibaha, au hospitali ya wilaya ya Kisarawe, utakuta watu wanachukua TLD, kidonge kimoja kwa siku. Kinapigana na VVU, hilo wengi wanalijua. Lakini je, unajua kwamba dawa mbili kati ya tatu zilizomo humo zinapigana pia na virusi vya homa ya ini aina B?

Haikupangwa hivyo. Virusi hivi ni vya koo tofauti kabisa, ila vina tabia moja: vyote hupitia hatua ya kunakili RNA kuwa DNA, na vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo vinafanana. Ndiyo maana lamivudini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa ajili ya VVU, iliidhinishwa tena mwaka 1998 kama dawa ya homa ya ini B.

Sasa turudi nyumbani. Tanzania ilipoanza kugawa ARV bure mwaka 2004, mgonjwa mpya kwa kawaida alipewa stavudini, lamivudini na nevirapini. Dhidi ya VVU hapo kuna askari watatu. Ukiwa na B pia, kwenye ini anapigana mmoja tu, lamivudini, na virusi vya B vikipambana naye peke yake kwa miaka, vingi hujifunza kumkwepa. Nevirapini nayo, ndipo inapouma, yenyewe inaweza kudhuru ini. Mtu angeweza kufurahia CD4 zinazopanda huku ini likichakaa kimyakimya.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wenye virusi vyote viwili wapewe tenofoviri pamoja na lamivudini. Tenofoviri, iliyotokana na kazi ya mkemia Antonín Holý wa Prague, B huishindwa kuikwepa. Ndiyo hiyo T ya TLD, iliyoanza kusambazwa nchini mwaka 2019.

Kwa hiyo mwenye B akiacha kidonge ghafla, homa ya ini inaweza kulipuka, hata kuua. Hata daktari akitaka kuondoa tenofoviri kwa sababu ya figo, lazima kwanza ajue kama B ipo.

Chanjo ya B iliingia kwenye ratiba ya watoto wetu mwaka 2002. Kama ulizaliwa kabla ya hapo na unatumia ARV, siku ya kliniki muulize nesi: nimeshapimwa HBsAg?