Sigara ya Fedha Juu ya Kilimanjaro

Ukisimulia kisa hiki kwenye kijiwe cha kahawa hapa Msimbazi, swali la kwanza ni lilelile: "Rubani alikuwa ameshalewa asubuhi yote hiyo?" Hapana, wazee wangu. Ilikuwa Februari 19, 1951. Ndege ya East African Airways aina ya Lodestar ilitoka Nairobi saa 1 asubuhi kwenda Mombasa. Dakika 20 baadaye ofisa wa redio akamwonyesha Kapteni Jack Bicknell kitu cheupe kinaning'inia juu ya Kilimanjaro, hakisogei. Wakakitazama kwa darubini, abiria nao, kama dakika 17 hivi: umbo la sigara, rangi ya fedha, mistari mitatu ya wima ubavuni. Kisha kikapanda, kikaelekea mashariki, kikapotea.

Mimi nadhani yalikuwa mazigazi tu. Hewa ya baridi juu ya theluji hupinda mwanga. Kinachonisumbua ni kingine. Mlima uko kwetu, Tanganyika ya wakati ule, lakini masimulizi yote niliyosoma yanatoka angani. Chini kulikuwa na Wachaga kwenye migomba na mibuni yao, wengine wameamka kabla ya Bicknell. Hatajwi hata mmoja.