Ardhi ya vituo vya mabasi: Makazi au maegesho?

ABIRIA anayetoka Mtanda, katika Manispaa ya Lindi, kwenda Dar es Salaam kwa basi huingia jijini kwa Barabara ya Kilwa. Anapofika Mbagala hukutana na miundombinu ya awamu ya pili ya Mabasi Yaendayo Haraka, maarufu kama mwendokasi.

Kila kituo kikubwa cha namna hiyo huzusha suala la ardhi: je, eneo linalokizunguka lijengwe nyumba za kuishi, au liwe maegesho ya magari ya wanaofika kupanda basi?

Wanaotetea maegesho husema kuwa mwenye gari anayeishi mbali ataliacha kituoni na kuendelea na safari kwa basi, hivyo foleni za katikati ya mji zitapungua. Kasoro yake ni nafasi. Gari moja, pamoja na njia yake ya kupitia, huhitaji meta za mraba 25 hadi 30. Kwa hesabu hiyo, hekta moja haiwezi kuchukua zaidi ya magari 400, ambayo mengi huleta mtu mmoja au wawili, kisha hukaa hapo kutwa nzima.

Hekta hiyo hiyo ikijengwa nyumba za ghorofa huweza kupokea mamia ya familia, na wakazi wake hufika kituoni kwa miguu asubuhi, mchana na jioni.

Mfano wa karibu ni Magomeni Kota, kando ya Barabara ya Morogoro, inakopita awamu ya kwanza ya mwendokasi yenye urefu wa kilometa 20.9, iliyoanza kutoa huduma Mei 2016. Wapangaji wa nyumba za zamani waliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakasubiri kwa miaka kadhaa bila kujua hatima yao.

Mwaka 2016, Rais John Magufuli aliahidi kuwa watajengewe nyumba mpya na kuishi humo miaka 5 bila kulipa kodi. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ulijenga nyumba za kaya 644, ambazo Rais Samia Suluhu Hassan alizizindua Machi 2022.

Hapo ndipo penye uzito wa suala hili. Kituo kikijengwa, thamani ya viwanja vya jirani hupanda, na mpangaji mwenye kipato kidogo huwa wa kwanza kusukumwa pembezoni, ambako hulazimika kupanda daladala ili kukifikia kituo kilichokuwa mlangoni pake.

Hata hivyo, maegesho yana mahali pake. Hufaa zaidi mwisho wa njia, ambako ardhi ni ya bei nafuu na nyumba zimetawanyika. Kwingineko, kama Hong Kong, kampuni ya reli ya MTR hujenga makazi na maduka juu ya vituo, na mapato yake husaidia kugharamia reli.

Kwa miji kama Lindi, ambako wengi huenda stendi kwa miguu, bajaji au bodaboda, ardhi ya makazi ya watu wa kipato cha chini inapaswa kutengwa kabla stendi mpya haijajengwa. Baada ya hapo, bei ya kiwanja ndiyo itakayoamua nani abaki na nani aondoke.