Wapandaji na Wavunaji: Injili Katika Nchi ya Japani



Wapendwa Taifa la Mungu, Japani inapotajwa, sisi Wakatoliki humkumbuka upesi Mtakatifu Fransisko Ksaveri, aliyefika Kagoshima mwaka 1549, na mashahidi 26 waliosulubiwa Nagasaki mwaka 1597. Juma hili napenda tuwatafakari pia ndugu zetu Waprotestanti, kwani historia yao na yetu huko zimesukwa katika mkeka mmoja.

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti waliingia mwaka 1859, baada ya Japani kufungua bandari zake. Mmoja wao alikuwa James Curtis Hepburn, tabibu Mpresbiteri kutoka Marekani. Ukristo ulikuwa bado marufuku, na mbao za serikali zenye katazo hilo zilisimama hadharani. Kwa kuwa hakuweza kuhubiri waziwazi, Hepburn aliwatibu wagonjwa, akajifunza lugha yao, na mwaka 1867 akatoa kamusi ya Kijapani na Kiingereza. Kanisa la kwanza la Wajapani Waprotestanti liliundwa Yokohama mwaka 1872, yaani baada ya miaka 13 ya subira. Tafsiri ya Agano Jipya, ambayo Hepburn alishiriki kuiandaa, ilichapishwa kamili mwaka 1880.

Lakini je, ni nani waliolipa gharama ya uhuru uliofuata? Mwaka 1865, wakulima wa Urakami, ambao wazee wao walikuwa wameitunza imani kwa siri zaidi ya miaka 200 pasipo padre, walijitambulisha kwa Padre Bernard Petitjean huko Nagasaki. Kuanzia mwaka 1868 serikali iliwahamisha kwa nguvu zaidi ya 3,000 miongoni mwao, na mamia wakafia uhamishoni. Mataifa ya nje yalilalamika, na mwaka 1873 mbao zile ziliondolewa. Hivyo mateso ya Wakatoliki wale maskini yalisaidia kuwafungulia njia wahubiri wa Kiprotestanti pia.

Tuone uchungu kwa hilo? Hasha! Penye kisima cha Yakobo, Bwana wetu aliwafundisha wanafunzi wake kwamba watavuna mahali walipotaabika wengine. Mwaka 1987 ilichapishwa Biblia ya Kijapani iliyotafsiriwa kwa pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti. Wajukuu wa mavuno walikaa meza moja na wajukuu wa machozi.

Wakristo wote wa Japani, ukiwajumlisha, ni takribani asilimia moja tu ya wananchi. Basi tusiipime kazi ya Mungu kwa wingi wa watu. Na katika jumuiya zetu ndogondogo, tusimdharau jirani wa madhehebu mengine, wala tusimkwepe anapofiwa. Huenda imani tunayojivunia ililindwa kwa jasho la mtu tusiyemjua.

Tuwaombee Wakristo wote umoja ule alioutamani Kristo usiku wa kuamkia mateso yake. Nawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.