Kati ya Kuuliza na Kuandika

Vijana wanaokuja kujifunza kazi kwetu huamini kwamba kuingiza na kusasisha kwa amri moja ni ubunifu wa juzi, kitu kilicholetwa na mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL. Siwalaumu. Toleo la 9.5 lilipotoka Januari 2016 walikuwa bado wanavaa sare za shule. Mimi nilifundishwa na mzee aliyeanzia kwenye tepu za sumaku, na kwake hilo halikuwa jambo la kando. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe ya kompyuta ya ofisi. Mengine, tangu kupanga kadi hadi kuchapa ripoti, yalikuwa ya kuihudumia.

Alikuwa wa kizazi kilichozoea kutunza mashine moja kwa muda mrefu. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Hazina mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza nyingine nchini, kwa hiyo waliokuwa na mashine walijifunza kila tabia yake. Mzee alipenda kunieleza kwa mikono, akizungusha hewani tepu ambazo hazikuwepo tena.

“Mwanangu, kwenye tepu huwezi kumchomeka mtu katikati.” Rekodi hufuatana kama zilivyoandikwa, wala hakuna upenyo wa mteja mpya kati ya wawili wa zamani. Dawa ilikuwa kuandika tepu nyingine nzima. Faili kuu, lenye wateja wote waliopangwa kwa namba za akaunti, liliwekwa kwenye mtambo mmoja. Mabadiliko ya siku, yaliyotobolewa kwenye kadi na kupangwa kwa namba zilezile, yaliwekwa kwenye mwingine. Programu ilisoma namba moja kutoka kila upande. Namba ya faili kuu ikiwa ndogo, mteja huyo hana jipya: mnakili, endelea. Zikilingana, sasisha. Namba ya mabadiliko ikiwa ndogo, mteja hayumo: mwandike. Tepu ya jana haikufutwa. Ilitunzwa kama baba wa tepu mpya, na ya juzi ikawa babu, ili mwana akiharibika apatikane mwingine kutokana na wazazi wake. Majina hayo ya ukoo yalitumika hata Ulaya na Marekani. Hayakuwa utani wa mzee.

Kulikuwa na mtego mmoja uliowatesa watu kwa miaka. Mteja anafungua akaunti asubuhi, mchana anabadilisha anwani, jioni anaifunga. Mabadiliko matatu, namba moja, na faili kuu halimjui. Programu iliyouliza mara moja tu, mwanzoni, ilimkuta hayumo, ikamwandika kwenye tepu mpya, kisha badiliko la pili likaja na kukuta amekwisha kupita. Watu waliweka viraka, na viraka juu ya viraka. Edsger Dijkstra alilitengea tatizo hilo sura nzima katika kitabu chake cha mwaka 1976, akamtaja W.H.J. Feijen kuwa ndiye mwenye suluhisho. Januari 1981 Barry Dwyer akalieleza upya katika jarida la Communications of the ACM. Suluhisho ni jepesi ukishaliona. Chukua namba iliyo ndogo kuliko zote za pande mbili. Kumbuka kama mwenye namba hiyo yumo au hayumo. Pitisha mabadiliko yake yote, huku ukirekebisha kumbukumbu hiyo kila hatua. Ukimaliza, ndipo uandike, kama bado yumo. Kwangu hii ni miongoni mwa kazi safi kabisa za fani yetu, na sioni kwa nini watu wahitimu bila kuionja.

Tepu ilikuwa na neema moja ambayo hakuna aliyeishukuru wakati huo. Usiku ule, programu ile ilikuwa peke yake na faili. Kati ya kuuliza na kuandika hapakuwa na mtu mwingine wa kupita.

Neema hiyo iliondoka pole pole. Katika Communications of the ACM hiyohiyo, Juni 1970, Edgar Codd wa IBM pale San Jose alikuwa amependekeza data zikae kwenye majedwali yasiyojali nani ametangulia nani. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, wakachapisha lugha iliyokuja kuwa SQL. Ilipokomaa, lugha hiyo ilikuwa na vitenzi vilivyotengana: INSERT kwa kisichokuwepo, UPDATE kwa kilichopo. Kwa mtu mmoja mbele ya jedwali lake, utaratibu huo hauna dosari. Lakini sasa kulikuwa na madirisha mengi na makarani wengi, wote wakiandika kwenye jedwali moja.

Karani wa dirisha la kwanza anauliza: namba 4071 ipo? Haipo. Karani wa dirisha la tatu anauliza swali hilohilo, sekunde ileile, anapata jibu lilelile. Wote wawili wanaandika. Kama jedwali lina ufunguo wa kipekee, mmoja wao anarudishiwa kosa mbele ya mteja. Kama halina, mteja mmoja amekuwa wawili, na hilo ni baya zaidi kwa sababu halipigi kelele. Kuanza na UPDATE, kisha INSERT pale ambapo hakuna mstari ulioguswa, hakuponyi kitu. Pengo limehama tu. Unaweza kufunga jedwali zima, na madirisha yote mengine yakasubiri.

Sisi wa PostgreSQL tuliishi miaka mingi kwa mfano uliokuwa kwenye mwongozo wake, uitwao merge_db. Jaribu kusasisha, ukikosa, ingiza, ukikataliwa kwa kuwa mwingine amekuwahi, rudi mwanzo. Mfano huo ulimwingiza mtu aitwaye david, kisha ukambadilisha kuwa dennis. David na dennis hao nimewakuta kwenye programu za ofisi zisizojuana kabisa, wamenakiliwa pamoja na herufi zao ndogo.

MySQL ilikuwa na haraka zaidi. REPLACE yake, ikikuta ufunguo umeshatumika, huufuta mstari wa zamani na kuandika mpya. Niliitwa wakati fulani kwenye ofisi moja ya ankara za maji, ambako namba za simu za wateja zilikuwa zikitoweka. Programu ilituma namba ya mita na usomaji wa mwezi, basi. REPLACE iliondoa mstari mzima, ikaandika mwingine wenye vitu hivyo viwili tu, na sehemu ya simu ikabaki tupu. Hakuna kosa lililoonekana popote, maana amri ilifanya ilichoahidi. Toleo la 4.1 lilileta ON DUPLICATE KEY UPDATE, ambayo husasisha kweli bila kufuta. Nayo ina kituko chake: ukiingiza mstari mpya inakujibu kwamba umegusa mstari 1, ukiubadilisha uliopo inakujibu 2.

Waandishi wa viwango walitoa jibu lao katika SQL:2003, nalo ni MERGE. Oracle ilikuwa nayo tayari katika toleo la 9i, mwaka 2001. Isome taratibu, utamsikia mzee wa tepu. Kuna chanzo, kuna lengo, kuna sharti la kuvilinganisha. Vikilingana fanya hivi, visipolingana fanya vile. Baadaye ikaongezewa na kufuta. Ni faili kuu na faili la mabadiliko, na ndiyo maana watu wa maghala ya data, wanaopokea mafaili ya matawi kila usiku, waliipenda. Ila MERGE ilirithi pia ile dhana kwamba hakuna mwingine chumbani. SQL Server ilipoipokea mwaka 2008, wengi walidhani amri moja maana yake ni tendo lisiloingilika. Wakaendelea kupata makosa ya ufunguo uliojirudia, hadi walipojifunza kuongeza agizo la kufunga, HOLDLOCK.

Hapo ndipo ninapowaheshimu watu wa PostgreSQL kwa uzito wao. Waliombwa kipengele hiki miaka na miaka, wakakataa kutoa amri inayofaulu pale tu inapokuwa peke yake. Peter Geoghegan alikishughulikia kwa muda mrefu, rasimu juu ya rasimu, na Mei 2015 kazi yake ikapokelewa: INSERT yenye ON CONFLICT DO UPDATE. Inakutaka utaje mgongano upi unaouzungumzia, wa ufunguo gani. Kisha inatazama fahirisi. Ikiona nafasi, inaweka mstari kwa majaribio, kama abiria wa daladala za Mbagala anayerusha mkoba dirishani kushika kiti kabla hajapanda, ndipo inajaribu kuusajili kwenye fahirisi. Ikikuta mwingine amewahi, inauondoa mstari wake yenyewe na kurudia, na safari hii inamsasisha aliyewahi. Karani haoni kosa.

MERGE kwao ilichelewa zaidi. Simon Riggs aliiingiza Aprili 2018. Wenzake wakauhoji muundo wake, ikaondolewa mwezi huohuo, ikarudi Oktoba 2022 katika toleo la 15. Mwongozo wake haufichi kitu: ukitaka kusasisha pale mwingine anapokuwahi kuingiza, unashauriwa ufikirie ON CONFLICT. Kwa hiyo zimekaa nyumba moja amri mbili za koo mbili, moja ya usiku na tepu, nyingine ya mchana na dirisha. SQLite, ambayo imo ndani ya takriban kila simu ya kisasa, ilipopata amri yake ya kuingiza na kusasisha kwa pamoja katika toleo la 3.24, Juni 2018, ilifuata muundo wa ON CONFLICT wa PostgreSQL.

Mwanafunzi akiniuliza atumie ipi, nami humuuliza data zake zinaingiaje. Faili la usiku kutoka matawini, lililokamilika na kufungwa, nampa MERGE. Malipo yanayomiminika kutoka kwenye simu za watu, kila mtu kwa wakati wake, nampa ON CONFLICT. Kabla ya yote mawili, namtaka anionyeshe ufunguo wa kipekee kwenye jedwali lake. Mara nyingi hakuna.