Funzo la Homa ya Marburg: Hatari Yako Iko Wapi?

 

Mwaka 2022, Ebola ilipotangazwa Mubende nchini Uganda, mama mmoja wa Nyamira alikaa nyumbani siku tatu na mtoto mwenye joto kali. Aliogopa kuambukizwa Ebola kwenye foleni ya zahanati. Alipomleta kwetu, tulimpima mtoto tukakuta ni malaria, na damu ilikuwa imepungua sana. Aliongezewa damu, akapona. Lakini tulikaribia kumpoteza.

Akina mama, hebu turudi nyuma. Mwaka 1980 mwanamume mmoja, aliyekuwa ametembelea pango la Kitum katika Mlima Elgon, aliugua homa ya Marburg. Virusi vyake ni ndugu wa Ebola. Alipanda ndege kwenda Nairobi huku akitapika, akafia hospitalini. Ni nani mwingine aliyeugua? Ni daktari mmoja tu, Shem Musoke, aliyemhudumia na kuguswa na damu na matapishi yake. Naye alipona. Mwaka 1987 mvulana kutoka Denmark, aliyekuwa ameingia pango lilo hilo, alifariki. Hakuambukiza mtu mwingine.

Kwa nini? Kwa sababu Marburg na Ebola huenezwa kwa kugusa damu, matapishi au majimaji ya mgonjwa au maiti. Kwa hivyo anayeuguza ndiye aliye hatarini. Huko Gulu, Uganda, mwaka 2000 hadi 2001, watu 425 waliugua Ebola na 224 wakafa. Wengi walikuwa wamewauguza jamaa zao au kuosha maiti. Usidharau ugonjwa huo, ila ujue njia yake.

Surua ni tofauti. Hiyo hupita hewani, na mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Na malaria nayo? Mwaka 2002 ilifumuka katika milima yetu ya Kisii, Gucha na Nyamira, ikaua mamia ya watu. Magonjwa haya mawili tumeyazoea, kwa hivyo hatuyaogopi inavyopasa.

Basi ukisikia habari za mlipuko, jiulize: Ugonjwa uko wapi? Unaenezwa vipi? Je, mimi au mtu wa nyumbani kwangu amemgusa mgonjwa au ametoka huko? Kama jibu ni ndiyo, usimguse kwa mikono mitupu, na umjulishe mhudumu wa afya mara moja. Kama ni hapana, endelea kunawa mikono, na usikose kliniki.

Mtoto apate chanjo ya surua akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Alale ndani ya neti. Akiwa na joto mwilini, mpeleke apimwe siku hiyo hiyo.

 Mwambie na jirani yako.