Jina Katika Daftari: Haki za Majeruhi, Wajane na Mayatima wa Vita vya Afrika ya Mashariki

Dola yoyote inayomtoa mtu katika shamba lake, ikamvika sare au kumtwika mzigo, na kumpeleka mahali ambapo huenda asirudi, au akarudi amepungukiwa na mguu, jicho au pumzi, hujitwika dhima ambayo haifutwi na kumalizika kwa vita. Na dhima hiyo haikomi kwa askari peke yake, bali huenea kwa mkewe, wanawe na wazee wake waliokuwa wakila kwa jasho lake. Jambo hili lilijulikana tangu zama za kale. Wanahistoria wa Kiislamu wametuachia habari za Sayyidna Omar bin al-Khattab, aliyeanzisha diwani mnamo mwaka wa 20 wa Hijra, yaani karibu na mwaka 641 wa Miladia, ambamo yaliandikwa majina ya wapiganaji na jamaa zao, kila mmoja na fungu lake kutoka baitulmali, wajane na watoto wakiwa miongoni mwa waliohesabiwa. Hekima ya jambo lile ilikuwa katika kalamu kama ilivyokuwa katika dinari: aliyeandikwa alikuwa na haki ya kudai, na asiyeandikwa alibaki kungojea huruma. Kwa mizani hiyo nataka kupima waliyotendewa askari na wapagazi wa Afrika ya Mashariki katika vita vikuu viwili, kwa kuwa naamini kwamba dhuluma iliyowafika ilianza katika daftari kabla ya kufika katika hazina.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoingia katika nchi hizi mwezi wa Agosti 1914, Wadachi, yaani Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walikabiliana na Waingereza, ambao askari wao Waafrika walikuwa wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1902 na ambalo watu wetu waliliita Keya. Lakini vita vile vilibebwa vichwani zaidi kuliko vilivyobebwa mabegani. Reli zilikuwa chache, barabara za magari zilimezwa na matope ya masika, na mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota. Basi kila gunia la unga, kila sanduku la risasi na kila machela ya majeruhi ilimwangukia binadamu. Waingereza walikusanya wapagazi wapatao milioni moja kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasa na nchi nyingine, na mwezi wa Machi 1917, John Ainsworth alipokabidhiwa kazi ya kuwatafuta watu katika Kenya, ukusanyaji uligeuka kuwa msako uliopita kijiji kwa kijiji. Hesabu za serikali yenyewe zilikiri vifo vinavyokaribia laki moja, na wanahistoria wengi huona kwamba hesabu hiyo imepungua.

Aghalabu hao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wimbi alipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, akalala juu ya ardhi iliyolowa katika bonde la Rufiji, kisha akaamriwa kuinuka na mzigo wake alfajiri. Kwamba misiba hiyo ingeweza kupunguzwa kulithibitishwa na kikosi kimoja kidogo, kile cha watu zaidi ya elfu moja na mia tano kilichoongozwa na Dakta John Arthur wa misheni ya Kikuyu katika mwaka 1917. Hao walikwenda pamoja na watu waliowajua, waliangaliwa chakula chao na maradhi yao, na wengi mno kati yao walirudi makwao salama, ilhali katika makundi mengine watu walikuwa wakipukutika njiani. Tofauti ilikuwa kwamba kila mmoja alikuwa na mtu anayelijua jina lake na anayeulizwa habari zake.

Katika makundi mengine jina lilikuwa kitu cha kupotea. Watu waliletwa na wazee wa vijiji kwa mafungu, makarani wasiojua lugha zao waliandika walivyosikia, majina yaliyofanana yalichanganywa, na aliyeachwa mgonjwa kando ya njia aliweza kuhesabiwa kuwa mtoro. Oscar Watkins, ofisa wa Kiingereza aliyeuongoza utumishi wa wapagazi, alijitahidi kuweka utaratibu wa kuandikisha, wa vibati vya kuvaa shingoni na wa alama za vidole. Lakini utaratibu ulikuja wakati maelfu walikwisha kufukiwa katika mashimo yasiyo na alama. Vita vilipokwisha, ujira wa waliokufa ulibaki katika vitabu vya hesabu bila ya mwenyewe, kwa kuwa warithi hawakupatikana, au hawakutafutwa kwa bidii iliyostahili. Watkins na wengine walitaka fedha hizo zitumike kwa manufaa ya Waafrika, walau yatima apate shule pale ambapo hapati mirathi; Hazina ya London ilikataa, na shauri hilo lilivutwa miaka mingi pasipo insafu kutendeka.

Ni vyema msomaji alinganishe kutopatikana huko kwa warithi na jambo lililotendeka katika miaka hiyo hiyo. Sheria ya kuandikisha wenyeji, iliyopitishwa Kenya mwaka 1915, ilianza kutekelezwa vita vilipokwisha, na kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri akavikwa kipande chenye jina lake, alama za vidole vyake na habari za waajiri wake. Serikali iliyoshindwa kumpata mjane wa mpagazi ili impe rupia zake iliweza, bila ya kuchelewa, kumpata kila kijana wa kijiji kile kile ili asitoroke kazi ya shamba la mlowezi. Uwezo wa kuandika haukukosekana. Kilichokosekana ni nia ya kuandika kwa ajili ya haki.

Nia hiyo ilionekana ilipohusu wengine. Mwaka 1919 serikali ya Kenya iligawa mashamba yapatayo elfu moja kwa askari wastaafu wa Kizungu, na kura zikapigwa mbele ya umati katika Theatre Royal ya Nairobi. Maofisa wa Kiingereza waliolemazwa na vita walitengewa eka zipatazo 25,000 huko Kericho, wapate kulima kitani na kujipatia maisha. Na bei ya kitani ilipoanguka, mpango ule ukafilisika, na ardhi ikaingia mikononi mwa kampuni ya chai. Kumsaidia aliyelemaa ni jambo jema, wala simlaumu majeruhi yeyote kwa kupewa mahali pa kupumzisha mwili wake. Lakini sehemu ya ardhi iliyogawiwa wakati ule ilichukuliwa kutoka kwa Wanandi na Wakipsigis, watu ambao wana wao pia walikuwa wamekwenda vitani. Na katika ugawaji ule, askari Mwafrika na mpagazi hawakupata fungu lolote.

Kwa upande wa Wadachi mambo yalikwenda njia nyingine. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, dola yake ilikuwa imeanguka, na askari wake walikuwa wakiidai mishahara ya muda mrefu. Baadhi yao walibaki na hati za kushuhudia utumishi wao. Sehemu ya malipo ilitolewa katika miaka ya 1920, na mwaka 1964, mwaka aliokufa jemadari yule, Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuwalipa wazee waliokuwa wangali hai. Inasimuliwa kwamba ofisi ya malipo ilifunguliwa Mwanza, wakaja wazee mamia, wachache tu wakiwa na hati, na kwamba ofisa wa fedha, kwa kukosa ushahidi mwingine, alimpa kila mzee ufagio ashike kama bunduki, akamwamrisha kwa Kidachi, na viungo vya wazee vikaitika amri walizofunzwa nusu karne nyuma. Kisa hiki hupendwa kwa ajili ya utii wa wale wazee; mimi hunihuzunisha, kwa sababu mtu aliyetumikia dola kwa damu yake hakustahili kuthibitisha utumishi wake kwa ufagio. Tena malipo yalimfikia aliyejaliwa umri mrefu tu. Wajane wa waliotangulia hawakuwa na kiungo cha kuitika amri kwa niaba ya marehemu.

Jaza iliyokuja kwa wepesi ilikuwa ile ya shaba. Mwaka 1927 sanamu ya askari ilisimamishwa Dar es Salaam, mahali palipokuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, na maandishi yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yaliwekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, katika herufi za Kiarabu na za Kirumi, yakiahidi kwamba wana watalikumbuka jina la baba aliyekufa. Sanamu za namna hiyo ziliwekwa Nairobi na Mombasa pia. Lakini juu ya shaba ile halikuandikwa jina hata moja la askari wala mpagazi, na mwana aliyefika kulitafuta jina la babaye aliondoka kama alivyokuja.

Vita Vikuu vya Pili viliwakuta watu wa nchi hizi wakiwa na makarani wengi zaidi na madaftari bora. Zaidi ya watu laki tatu wa Afrika ya Mashariki waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi mwaka 1941, Madagaska mwaka 1942, na katika misitu ya Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua. Tarehe 12 Februari mwaka huo manowari ya Wajapani iliizamisha meli Khedive Ismail, iliyong'oa nanga Mombasa kuelekea Colombo, wakafa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Safari hii askari alikuwa na namba, aliweza kuagiza sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa jamaa, na wake wa askari walikwenda bomani kupokea. Majeruhi aliyelemaa alipimwa, na akiwa na bahati ya kuandikwa vizuri, aliwekewa pensheni.

Jina basi lilipata kuandikwa, lakini mbele ya jina iliandikwa rangi. Bahashishi ya kuagwa jeshini ilihesabiwa kwa miezi ya utumishi, na Mwafrika alipata kwa kila mwezi chini ya nusu ya alichopata Mzungu wa cheo kile kile, ilhali risasi ya Mjapani haikuwatofautisha. Aliyerudi mzima alipewa fedha hizo mara moja, akaagwa, na hakuwa na dai jingine. Katika hao waliorudi walikuwamo Waruhiu Itote, aliyepigana Burma, na Bildad Kaggia, waliokuja kuwa miongoni mwa wapigania uhuru wa Kenya. Na haiwi ajabu kwamba mtu aliyejifunza vitani thamani ya maisha yake akatae kupimiwa nyumbani kwa kibaba pungufu. Waliobaki walizeeka katika ufukara. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza fungu la fedha kwa ajili ya wastaafu maskini na wajane katika nchi za Jumuiya ya Madola, wapate walau milo miwili kwa siku. Chakula hicho kilikuwa na heri kwa aliyekipata; lakini kilikuja kwa jina la msaada, miaka zaidi ya sabini baada ya wakati wa kulipwa kwa jina la haki.

Mwaka 2021, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri waziwazi kwamba baada ya Vita vya Kwanza, watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo kumbukumbu za jeshi zilizohifadhiwa Kenya zimetoa majina zaidi ya 3,000 yaliyodhaniwa kupotea, na jamaa za baadhi yao wamepata kujua babu zao walikofia. Kumbe kalamu ilikuwa imeandika, na karatasi ilikuwa ikingojea mtu wa kuifungua.

Nchi zetu sasa zina majeshi yao, na zimekwisha kuzika wana wao wenyewe. Tanzania huwakumbuka kila tarehe 25 Julai, wakiwamo waliokufa katika vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Ngoma na mashada ya siku hiyo ni wajibu mwema, lakini mjane hali shada. Haki ya majeruhi na ya jamaa zake hulindwa pale anapoandikishwa askari mpya: jina lake kamili, kijiji chake, mkewe, wanawe na warithi wake, yakahifadhiwa mahali ambapo mjukuu ataruhusiwa kusoma, na kila jeraha likaandikwa siku lilipopatikana. Kwa wazee waliopita, kazi imebaki mikononi mwetu. Mwenye hati ya babu aliyeagwa Keya, kibati cha mpagazi au barua ya bomani asiiache iliwe na mchwa. Aipeleke katika hifadhi ya nyaraka za taifa, inakiliwe, kisha airudishe nyumbani. Dola iliyokana deni kwa kisingizio cha kutopatikana kwa warithi haitakuwa na kisingizio tena, siku warithi watakapokwenda mlangoni pake wameshika daftari mkononi.