Mbili Iliyobaki Peke Yake

Kiwanjani, Isiolo, jirani na uwanja wa ndege, ardhi huitwa kwa nambari: "hamsini kwa mia". Hizo ni futi, kipimo alichotuachia Mwingereza. Shuleni tulifundishwa mita, lakini ploti zimekataa kuhama. Watu ndio waliohama: uwanja ulipopanuliwa, familia ziliondolewa kwa ahadi ya ploti nyingine.

Sasa tuseme mtu akwambie, "Chukua hii ya mraba, sabini kwa sabini, ni yale yale tu." Hebu ipasue nambari kwanza. Hamsini kwa mia ni 5,000, yaani 2×2×2×5×5×5×5. Nambari mraba hutambulika hivi: kila kigawo tasa kina mwenzake. Hapa tano zote zimepata wenzao, ila mbili moja imebaki peke yake. Basi hakuna mraba wa futi kamili wenye ukubwa huo. Sabini kwa sabini ni 4,900. Zimepotea futi mraba 100, chumba kizima cha kupangisha, kumi kwa kumi.

Mbili hiyo ina historia ndefu. Mgiriki Aristotle, aliyefariki mwaka 322 KK, alitaja uthibitisho kwamba ulalo wa mraba haupimiki kwa ubavu wake. Ukibisha, witiri itakuwa shufwa. Chanzo ni kwamba mraba wa ulalo ni mara mbili ya mraba wa ubavu. Vivyo hivyo ploti yoyote ambayo urefu ni mara mbili ya upana, hata arobaini kwa themanini.

Kwa hiyo kabla hujatia sahihi, pasua nambari.